Noah za Kyela na Mkanda Usio na Tarehe

Gari linalotoka Uyole kwenda Kyela hupanda kwanza hadi zaidi ya meta 2,000 katika ukanda wa Poroto na Rungwe, likapita Kiwira na Tukuyu, kisha likateremka kati ya migomba na mashamba ya kakao hadi bonde la Ziwa Nyasa, lililo takriban meta 475 tu juu ya usawa wa bahari. Ni mteremko mrefu, na mara nyingi una mvua au ukungu. Injini ikizima hapo, usukani unakuwa mzito papo hapo, na nguvu ya ziada ya breki inaisha baada ya dereva kukanyaga mara chache. Noah iliyojaa abiria, magunia ya mchele na madumu ya mawese si gari la kuzimikia kwenye kona.

Kitu kimoja kinachoweza kuizima injini ghafla namna hiyo ni mkanda wa taimingi. Ni mpira wenye meno, upana wake kama vidole viwili, wenye nyuzi za kioo ndani yake, unaofunga kranki na kamshafti zizunguke kwa hesabu moja. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti izunguke mara moja, isipungue wala kuzidi hata jino. Injini ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika, kranki inapiga mizunguko 50 kila sekunde, na kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 ndani ya sekunde hiyo hiyo. Kampuni ya Glas ya Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuutia mkanda huo kwenye gari la kuuzwa kwa wingi, Glas 1004 ya mwaka 1962, kwa kuwa ulikuwa mwepesi na mtulivu kuliko mnyororo. Utulivu huo ndio unaowaponza wengi. Mnyororo uliolegea hupiga kelele. Mkanda uliochoka huenda vizuri hadi dakika unayokatika.

Kyela mjini, Ipinda na Kasumulu, kazi ya kuubadilisha hufanyika zaidi uani na chini ya miembe kuliko kwenye gereji zenye lifti. Wapo wanaoidharau kazi ya uani kwa sababu hiyo tu. Makala haya hayako upande wao. Mkanda wa Carina au Corolla 110 unaweza kubadilishwa nyumbani ukakaa sawasawa na uliobadilishwa popote, mradi mwenye spana awe na subira na awe na taa ya kutosha. Tatizo la Kyela liko kwingine: mkanda unabadilishwa, kisha hakuna anayeandika popote kwamba umebadilishwa.

Kazi yenyewe kwenye Carina yenye injini ya 5A au 7A inakwenda hivi. Betri inafunguliwa. Gari linainuliwa na kukalishwa kwenye stendi, wala si kuachwa juu ya jeki, kisha tairi la mbele la kulia linatolewa. Mikanda ya nje inaondolewa. Injini inaegemezwa kwa jeki yenye kipande cha ubao juu yake ili mauntingi ya kulia ifunguliwe bila kupasua sampu. Kifuniko cha valvu kinatoka, kisha kranki inazungushwa kwa spana hadi mkato wa puli yake ulingane na sifuri iliyochorwa kwenye kava ya chini. Wakati huo tundu dogo lililopo kwenye puli ya kamshafti lazima litazamane na alama ya kwenye kepu ya beringi. Lisipotazamana, kranki inazungushwa tena mzunguko mmoja kamili, maana sifuri ya kranki hurudi mara mbili kabla kamshafti haijamaliza duru yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo pa kutumia muda.

Bolti ya puli ya kranki ndiyo inayotoa jasho. Baadhi ya mafundi huegemeza spana kwenye chasisi na kupiga stata ili injini yenyewe ifungue bolti. Njia hiyo iachwe. Spana ikichomoka inaweza kuvunja mkono au kupasua rejeta, na kranki inaruka kutoka kwenye alama iliyokwisha kupangwa.

Mkanda mpya ukishavalishwa na tenshena kuachiwa ivute, kranki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, ndipo alama zikaguliwe upya. Spana ikigoma katikati, isilazimishwe. Kugoma huko ni dalili kwamba kuna kitu kinagusana ndani, na ni heri kugundua hivyo kwa nguvu ya mkono kuliko kwa nguvu ya stata. Kabla kava hazijarudi, fundi mwangalifu hupitisha kidole chini ya sili za oili za kranki na kamshafti. Kidole kikitoka na mafuta, sili zibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa sababu oili hulainisha mpira na kuutafuna kabla ya wakati wake. Tenshena inayonguruma ukiizungusha kwa kidole nayo itolewe. Kwa Noah za zamani zenye injini ya 3S, iliyolala chini ya viti vya mbele, wota pampu huendeshwa na mkanda huo huo. Kuirudisha pampu kuukuu inayovuja ni kujitafutia kazi ya kufungua kila kitu upya.

Kisha kuna zile kava za plastiki. Gari lililofunguliwa mara moja au mbili hukutwa na kava iliyobaki na bolti mbili, au isiyokuwapo kabisa. Katika mji mwingine jambo hilo lingeweza kuvumiliwa. Kyela ina mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, na mvua za masika zikikolea maji hutanda barabarani hadi gari linapita likitifua tope. Mchanga ukiingia kati ya meno ya mkanda na puli, husaga vyote viwili. Kava irudi, na bolti zake zote zirudi.

Kuna hoja inayosikika sana vijiweni, kwamba injini hizi za Toyota hazipindi valvu, hivyo mkanda uachwe hadi ukatike wenyewe. Kwa injini kadhaa hoja hiyo ina ukweli ndani yake: 3S-FE, 5A-FE na 7A-FE zina nafasi ya kutosha kati ya valvu na pistoni, na mkanda ukikatika kwa kawaida injini inazima tu bila kuumia. Lakini abiria aliyekwama usiku kati ya Tukuyu na Ibanda hafarijiki kwa habari ya valvu. La hatari zaidi, mwenye Hiace au Hilux ya dizeli husikia maneno hayo hayo akayachukua kama yanamhusu. Katika 2L, 3L na 5L hakuna nafasi hiyo. Mkanda ukikatika, pistoni inakutana na valvu. Valvu zinapinda, na kamshafti inaweza kuvunjika. Bei ya mkanda mmoja inageuka kuwa bei ya hedi nzima.

Toyota imeweka kipimo cha kilometa 100,000 kwa injini nyingi za aina hii, na kwenye dizeli zake kadhaa ikaweka taa ya dashibodi iliyoandikwa T-BELT, inayowaka kipimo hicho kinapotimia. Noah inayokwenda Mbeya na kurudi kila siku hupiga zaidi ya kilometa 200, maana yake kilometa 100,000 zinatimia ndani ya siku 500. Gari la mwalimu linalotoka Jumapili tu haliwezi kufikia idadi hiyo kwa miaka mingi, lakini mpira wake unazeeka kwa joto la bonde hili hata likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo zinahitajika namba mbili, kilometa na tarehe, na ndizo hizo zinazokosekana. Fundi akiuliza, "Bosi, mkanda huu ulibadilishwa lini?", jibu analopewa mara nyingi ni, "Nilinunua gari likiwa hivi hivi."

Wajapani waliotuuzia magari haya walikuwa na desturi nzuri. Fundi wao akimaliza kazi hubandika karatasi ndogo ndani ya boneti, yenye tarehe na kilometa za siku ile. Magari kadhaa yameshuka Bandari ya Dar es Salaam yakiwa bado na kibandiko hicho, lakini kimeandikwa Kijapani na mwaka wake mara nyingi unafuata kalenda ya enzi ya mfalme: Heisei 15, kwa mfano, ni 2003. Mwenye gari hawezi kukisoma, anakibandua akidhani ni uchafu.

Desturi hiyo ihamie Kyela. Anayebadilisha mkanda uani kwake akate kipande cha karatasi, aandike tarehe, kilometa, jina la mkanda aliofunga, na kama tenshena na sili zilibadilishwa au zilirudi zile zile. Akifunike kwa selotepu pana, akibandike mahali pakavu. VETA, ambayo ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mtaani, ingeweza kukifanya kibandiko hicho kuwa sehemu ya kipimo chenyewe: kazi isiyo na tarehe isihesabiwe kuwa imekamilika.

Kwa magari ya abiria, hiari haitoshi. LATRA ndiyo inayotoa leseni za usafirishaji, na polisi wa usalama barabarani ndio wanaobandika stika za ukaguzi. Macho ya mkaguzi kwa kawaida huishia kwenye matairi, taa, breki na mikanda ya viti. Akiinua kiti cha mbele cha Noah au akifungua boneti ya Hiace, aisome karatasi ile na kulinganisha kilometa zake na za dashibodi. Gari lisilo na karatasi lipewe muda mfupi likabadilishwe mkanda na kurudishwa, hata kama dereva anaapa kwamba alifanya kazi hiyo mwaka juzi.