Karisimbi, Mlima wa Anwani Yetu



Mkaaji wa Katoyi, hapa Goma, akiandika anwani yake huandika pia Karisimbi, kwa kuwa ndilo jina la komine yake. Lakini ni wangapi kati yetu waujuao mlima wenyewe? Haya, tuupande leo kwa mawazo.

Karisimbi una mita 4,507, nao wapita milima yote ya Virunga kwa urefu. Moto wake ulizimika zamani za kale, si kama jirani yake Nyiragongo, uliounguza mji wetu mwaka 2002. Jina lake latokana na simbi nyeupe, maana kilele huvaa weupe mvua ya mawe na theluji zinyeshapo.

Mpandaji huanza katika mianzi. Hupita chini ya miti mizee yenye ndevu za kijivu, kisha hufikia lobelia zilizo ndefu kuliko mtu. Mwisho husalia majani mafupi, mawe na baridi. Nyati hukaa humo, na ngagi pia, yaani gorila wa mlimani: hesabu ya miaka 2015 na 2016 ilipata 604 katika milima yote ya Virunga. Wazee wa kale, wafuasi wa Ryangombe, waliamini kwamba roho zao zitastarehe Karisimbi, na za wengine zitatupwa katika moto wa Nyiragongo.

Walakini uzuri huo una gharama. Katika safari ya Mjerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg, ya miaka 1907 na 1908, msafara wa Kirschstein, mchunguzi wa mawe, ulishikwa na dhoruba huko juu. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Jina la bwana mkubwa lasomwa vitabuni. Nani awataja wapagazi? Wala gharama haikukoma hapo. Tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 wa hifadhi ya Virunga waliuawa karibu na Rumangabo.

Basi, mwalimu awafundishaye watoto urefu wa Karisimbi, awafundishe pia habari za hao. Na asubuhi mawingu yakifunuka, kilele kikaonekana, tusiseme tu, "Mlima mzuri!" Tukumbuke pia migongo iliyobeba mizigo, na mikono iliyolinda msitu.