Kumaliza wa kwanza kabla ya pleyofu: Kolwezi ingepata faida gani?

Kila mara msimu wa Linafoot unapokaribia hatua ya mwisho, mabishano ni yale yale katika nganda za Kolwezi, kutoka Manika mpaka Dilala. Kuna wanaosema timu imalize kwanza juu ya kundi lake, mengine yatafuata. Wengine wanajibu kwamba uwe wa kwanza au wa mwisho kati ya waliofuzu, ukishaingia pleyofu wote mko sawa, basi kwa nini kujichosha?

Pande zote mbili zina haki kidogo, na zote mbili zinasahau jambo moja. Nafasi ya kwanza haina uzito wake yenyewe. Uzito wake unatoka katika kanuni za mashindano. Kanuni ikiipa kitu cha kushika mkononi, kama mapumziko, mechi nyumbani au mpinzani aliye dhaifu, nafasi hiyo ina maana. Isipoipa kitu, inabaki sifa ya kwenye gazeti.

Mfano wa karibu ni ule wa Leopards. Novemba 2025, timu nne za Afrika zilikutana Moroko kutafuta njia ya kuelekea Kombe la Dunia. Zilipangwa kwa orodha ya FIFA: Nigeria juu, ikifuatwa na Kamerun, Kongo na Gabon. Wa juu alicheza na wa chini. Faida ya Nigeria ilikuwa hiyo tu, kumpata Gabon, na hata hivyo ilibidi icheze dakika 120 ili kushinda 4-1. Kongo iliimaliza kazi yake na Kamerun ndani ya dakika 90, kwa bao la Chancel Mbemba mwishoni kabisa. Siku tatu baadaye, tarehe 16 Novemba, timu hizo mbili zilitoka sare 1-1 mjini Rabat na Leopards wakashinda kwa penalti 4-3. Uwanja haukuwa wa Nigeria, mashabiki hawakuwa wake, na miguu ilikuwa na dakika 30 zaidi za uchovu. Namba moja ilirudi nyumbani.

Hapo mtu anaweza kusema: tazama, kuwa wa kwanza ni bure. Lakini siku chache tu baadaye orodha ile ile iliwasaidia Wakongomani. Katika droo iliyofanyika Zurich kwa ajili ya mchujo wa mabara wa Machi 2026 huko Meksiko, Kongo na Iraki zilikuwa juu katika orodha kati ya timu sita. Kwa sababu hiyo ziliwekwa moja kwa moja katika fainali za njia zao. Kaledonia Mpya na Jamaika zilitakiwa kucheza zenyewe kwanza, na mshindi ndiye akutane na Leopards. Kongo ilipewa mechi moja ya kushinda, wenzake mbili.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua timu zenye nguvu sawa, kila mechi iwe kama kurusha sarafu. Anayehitaji kushinda mechi moja ana nafasi moja kati ya mbili. Anayehitaji kushinda mbili ana nafasi moja kati ya nne. Mwenye nafasi ya juu amepata nusu ya safari kabla hajagusa mpira. Faida ya aina hiyo ni kubwa kuliko ile ya kuchagua mpinzani dhaifu, kwa sababu mpinzani dhaifu bado anaweza kukufunga, lakini mechi usiyocheza haiwezi kukutoa.

Wamarekani wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu katika mpira wao, ule wa kukimbia na mpira mikononi. Ligi yao ya NFL ina matawi mawili, na tangu msimu wa 2020 kila tawi linapeleka timu saba katika hatua ya mwisho. Timu ya kwanza katika tawi ndiyo peke yake inayopumzika raundi ya kwanza. Inacheza nyumbani kila mechi mpaka fainali, na fainali yenyewe, Super Bowl, inachezwa katika uwanja uliochaguliwa miaka mingi kabla. Kwa hiyo namba moja inahitaji kushinda mechi tatu, wengine nne.

Matokeo yake yanafundisha. Kuanzia msimu wa 2020 mpaka ule wa 2024, yaani fainali tano, kulikuwa na nafasi kumi za kucheza Super Bowl. Timu zilizomaliza za kwanza zilichukua tano: Kansas City mara tatu, Philadelphia mara moja na San Francisco mara moja. Nafasi tano zilizobaki kwa hesabu hiyo zinaonyesha pia upande wa pili: nusu ya vinara waliishia njiani. Detroit ilishinda mechi 15 kati ya 17 katika msimu wa 2024, ikapumzika, ikafunguliwa mlango nyumbani kwake, ikapigwa na Washington katika mechi yake ya kwanza. Na katika fainali hizo tano, kombe lilikwenda kwa namba moja mara moja tu, Kansas City katika msimu wa 2022. Tampa Bay ililichukua ikiwa ya tano katika tawi lake, Los Angeles Rams ikiwa ya nne.

Kwa maneno mengine, kule nafasi ya kwanza inakufikisha mlangoni mara nyingi kuliko wengine, lakini haikupi ufunguo. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na Wamarekani wameiandika methali hiyo katika kanuni.

Ubelgiji, nchi ambayo Wakongomani wengi wanafuata mpira wake, ilichagua njia nyingine. Huko, tangu 2009, baada ya ligi ya kawaida pointi ziligawanywa kwa mbili, kisha timu za juu zikacheza pleyofu. Msimu wa 2023-2024 Union Saint-Gilloise ilimaliza ya kwanza na pointi 70, Club Brugge ikiwa ya nne na 51. Tofauti ya pointi 19 ikakatwa kuwa tisa au kumi hivi, na Brugge ikawa bingwa. Mwaka uliofuata Genk iliongoza, Union ikiwa ya tatu, na ikawa zamu ya Union kuchukua taji, na Mkongomani Noah Sadiki akiwa katikati ya uwanja. Kuanzia msimu wa 2021-2022 mpaka 2024-2025, kinara wa ligi ya kawaida hakuwa bingwa hata mara moja. Miaka minne mfululizo. Kanuni inayochukua nusu ya jasho la mtu haiwezi kushangaa ikiwa jasho hilo halimfikishi.

TP Mazembe nayo imeonja pande zote mbili. Katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, timu iliyoongoza kundi inapewa mechi ya marudiano nyumbani, na wengi wanaamini hiyo ni dhahabu. Mwaka 2024 Mazembe ilikuwa ya pili katika kundi lake. Ilitoka 0-0 na Petro de Luanda mjini Lubumbashi, watu wakasema yamekwisha. Ikaenda Luanda ikashinda 2-1, ikaingia nusu fainali. Mwaka 2010 ilicheza mechi ya kwanza ya fainali nyumbani, ikaipiga Espérance 5-0, na marudiano ya Tunisia yakawa ya kukamilisha tu. Mwaka 2009 na 2015 ilimaliza nyumbani na ikabeba kombe vilevile. Kwa hiyo mpangilio wa nani anaanza nyumbani hauamui sana. Kinachoamua ni kuwa na mechi nyumbani na kujua namna ya kuitumia.

Sasa turudi Kongo. Linafoot imetumia mfumo wa makundi ya mashariki na magharibi, kisha timu za juu zinakutana katika pleyofu. Sababu inaeleweka: nchi ni kubwa, barabara ni mbaya, tiketi za ndege ni ghali. Lakini pleyofu hiyo si ya kutoana kama ile ya Wamarekani. Ni ligi ndogo ambamo kila mmoja anakutana na kila mmoja. Hakuna raundi ya kupumzika. Hakuna mpinzani dhaifu wa kupewa, kwa sababu utacheza na wote. Ikiwa pointi pia zinaanza upya, basi aliyeongoza kundi kwa miezi na aliyeponea siku ya mwisho wanaingia na mizigo sawa. Ni ajabu kwamba nafasi ya kwanza ilipata thamani kubwa kuliko yote mwaka 2020, pale ugonjwa wa korona uliposimamisha ligi na Mazembe, iliyokuwa juu, ikatangazwa bingwa. Ilihitaji msimu usiomalizika ili uongozi uhesabiwe.

Je, hilo linaiumiza Kolwezi au linaisaidia? Hapa ndipo mabishano yanapaswa kuwa ya kweli. Katika kundi la mashariki wako Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, wenye mali na jina. AS Simba na FC Blessing za Kolwezi zina nafasi kubwa zaidi ya kuingia pleyofu kwa mlango wa nyuma kuliko kuongoza kundi. Kwa klabu kama hizo, kuanza upya ni zawadi. Maniema Union ya Kindu imeonyesha kinachowezekana: ilimaliza ya pili katika msimu wa 2023-2024, nyuma ya Mazembe, ikajikuta katika makundi ya Ligi ya Mabingwa pamoja na Raja, AS FAR na Mamelodi Sundowns. Mwaka uliofuata Aigles du Congo ya Kinshasa ikatwaa taji lake la kwanza. Mtu wa Kolwezi anaweza kusema kwa haki: msiwape wakubwa bonasi nyingine, tayari wana ya kutosha.

Hoja hiyo ni nzito, lakini ina gharama yake. Ikiwa kuwa wa kwanza hakuna kitu ndani yake, mechi za mwisho za kundi zinakufa. Timu kubwa ambayo imeshafuzu inakuja Kolwezi, kwenye uwanja wa Dominique Diur, na wachezaji wa akiba. Shabiki aliyelipa franga zake kuona vigogo anaona mazoezi. Mbaya zaidi, timu nyingine inayopigania nafasi ya mwisho inapambana na kigogo yule yule akiwa kamili, wiki moja kabla. Hapo hakuna usawa tena, na anayeumia mara nyingi ni mdogo. Wakubwa wakiwa na sababu ya kupigania nafasi ya kwanza mpaka siku ya mwisho, wadogo wanapata haki zaidi kati yao.

Njia ya katikati ipo. Faida ya nafasi ya kwanza isiwe pointi nyingi za kubeba, kwa sababu pointi zinafunga mlango kabla pleyofu haijaanza. Iwe uwanja na mapumziko. Pale kila timu inapokutana na mwenzake mara moja, vinara wa makundi wapewe mechi moja zaidi nyumbani, na wawe na siku zaidi kati ya safari. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba faida ya namna hiyo inaheshimiwa bila kuua ushindani: nusu ya nafasi za fainali, lakini kombe moja kati ya matano.

Kwa Kolwezi, uwanja ndio mtaji. Mji uko juu ya mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na timu inayotoka Kinshasa inafika kwa ndege ikiwa na hali nyingine ya hewa mwilini. Lubumbashi iko kilomita kama 300, na timu ya huko inakuja kwa barabara ile ile ya malori ya madini. Klabu isiyoweza kununua washambuliaji watano inaweza bado kutegemea majani yake na sauti ya watu wake. Ikipewa mechi moja zaidi nyumbani, inajua inachopigania mwezi wa mwisho.

Sharti moja ni la lazima: kanuni itangazwe kabla ya mechi ya kwanza, na isiguswe katikati. Msimu wa 2022-2023 haukufika mwisho wake, na mashabiki bado wanakumbuka. Nafasi ya kwanza haiwezi kuwa na thamani katika mashindano ambayo mtu hajui yatamalizika vipi.

Wakaaji wa Lualaba hawahitaji kufundishwa somo hili. Kongo ni ya kwanza duniani kwa kobalti, ikitoa zaidi ya theluthi mbili ya madini hayo, na sehemu kubwa inatoka katika ardhi ya jimbo hili. Kila mtu Kolwezi anajua kwamba kuwa wa kwanza katika orodha ni jambo moja, na faida kubaki nyumbani ni jambo lingine. Tofauti kati ya hayo mawili huandikwa katika kanuni, na Kanuni ya Madini ya 2018 ilibidi iseme wazi kwamba asilimia 25 ya mrabaha iende kwa jimbo na 15 kwa serikali za mitaa. Mpira ni hivyo hivyo. FECOFA na Linafoot wakitaka klabu zipiganie kilele, waandike wazi kilele hicho kina nini.