Ritifaa ya Nyang'au si kosa, rekebisha skripti yako

Kama umekulia Kisii au Nyamira, majina haya unayajua: Nyang'au, Ong'era, Kerang'o. Huenda moja ni lako.

Sasa chukua ile skripti uliyoandika kwa Python ya kunakili fomu za wanafunzi. Umeweka os.system, ukaunganisha cp na jina la faili, kisha ukakabidhi yote kwa sheli, ile programu inayopokea amri kwenye dirisha jeusi. Fomu ya Moraa imepita. Ya Kemunto pia. Ya Nyang'au imegoma.

Kwa sheli, ritifaa hufungua nukuu. Inatafuta ya kuifunga, haipati, inakataa amri nzima. Na akija Nyang'au Ong'era? Ritifaa ni mbili, nukuu imefungwa, sheli inaziondoa zote na kwenda kutafuta faili ya Nyangau Ongera, ambayo haipo.

Kibaya zaidi, os.system haisimamishi kazi. Inarudisha namba tu, na wengi wetu hatuiangalii. Skripti inakimbia hadi mwisho kana kwamba mambo ni shwari. Siku orodha inabandikwa, jina moja halipo, na mwenyewe anaambiwa hakuleta fomu.

Wapo wanaosema tuondoe ritifaa kwenye majina, yaishe. Hapana bana! Jina la mtu ni lile alilopewa. Programu ndiyo ibadilike.

Tena mlango unaomkwaza Nyang'au ndio anaopitia mwizi. Kama jina linatoka kwenye fomu ya mtandaoni, mtu anaweza kuandika nukta-mkato halafu amri ya rm. Sheli itaitekeleza kama amri ya pili, kwa mamlaka yako wewe, na mafaili kwisha.

Dawa ipo tangu 2004, Python 2.4 ilipoleta subprocess. Siku hizi unatumia subprocess.run na kuipa orodha: cp kivyake, jina kivyake, folda kivyake. Sheli haiguswi, jina linafika lilivyo. Ongeza check=True ili amri ikifeli programu isimame na kupiga kelele. Ukiweka shell=True na kuunganisha maneno tena, umerudi ulikotoka. Na kwa kunakili tu, shutil.copy inatosha, hata hiyo cp huihitaji.

Leo jioni fungua skripti zako, tafuta kila penye os.system, ujaribu kwa jina la Nyang'au. Kisha jaribu kwa Nyang'au Ong'era.