BABA YUKO HAI

Kuna swali moja kwenye fomu ya mkopo wa chuo ambalo limewatoa jasho washikaji zangu wengi kuliko mtihani wowote wa kidato cha sita. Eti, baba yuko hai?

Ukijibu hayuko, unaleta cheti cha kifo, kinahakikiwa RITA, mambo yanakwenda. Ukijibu yuko, basi yuko. Hakuna mahali pa kuandika kwamba yuko Tabata, ana duka la spea, ana mke mwingine na watoto watatu, na mara ya mwisho kuninunulia kitu cha shule nilikuwa darasa la nne. Kitu chenyewe soksi.

Ndugu msomaji, usije ukasema nailaumu Bodi ya Mikopo. Bodi inataka karatasi, na kifo kina karatasi. Yatima ana cheti, mlemavu ana fomu ya daktari, kaya ya TASAF ina namba. Baba anayesema "tutaona" hana cheti popote duniani. Mwenzangu mmoja, tukiwa kwenye foleni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa tukingoja muhuri, alinong'ona, "Bora dingi angekufa." Kisha akashika mdomo. Nami nilikuwa nimeshawaza hivyohivyo kabla yake.

Wazee waliosoma Mlimani wanapenda kutusimulia enzi zao. Kula bure, kulala bure, na posho juu. Hata walipoandamana Oktoba 1966 kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akawarudisha makwao kwa mamia. Mimi naisoma habari ile kivyangu: Serikali ndiyo iliyokuwa baba. Baba mkali, sawa, lakini ada alilipa. Miaka ya tisini ikaja sera ya kuchangia gharama, na Bodi yenyewe ikaanza kazi 2005. Kuchangia na nani? Na "mzazi". Kwenye makaratasi neno hilo linakaa kwa utulivu kabisa, kama vile kila nyumba inajua ni nani. Uswazi kwetu mzazi ni mama. Baba ni jina la katikati.

Na siku hizi mtego ni mbaya zaidi. Ada ya shule za serikali imefutwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na cha tano na sita tangu 2022. Jambo jema, nani atabisha? Lakini limempa dingi usingizi mtamu. Miaka yote hiyo hakudaiwa ada, akadhani ndiyo amesomesha! Halafu barua ya chuo inafika, milioni moja na ushee kwa mwaka, na hiyo ni kozi ya sanaa chuo cha serikali, bila chumba, bila kula. Ndipo nyumba nzima inaanza kukimbizana na kalamu.

Mama yangu alikuwa ameshapiga hesabu. Anauza vitumbua Mbagala, yuko kwenye mchezo wa wanawake kumi, kila mmoja elfu kumi kwa wiki. Zamu yake ikifika anapokea laki moja, mara tano kwa mwaka. Mchezo hauzai hela jamani, unakurudishia zako kwa mkupuo zisipotelee kwenye unga na mafuta. Laki tano basi. Nusu ya ada. Nusu ya pili ina mwenyewe.

Nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, za siku?"

"Nimepata chuo, baba."

"Hongera sana! Mungu mkubwa. Nilijua tu wewe utanitoa aibu."

Nikamtajia kiasi. Kimya. Nikasikia anaongea na mteja habari za bushi ya mbele.

"Tutaona, mwanangu."

Shangazi alipojua nimekasirika akaniita kunifunda: mzazi hasemwi, mzazi haanikwi, radhi zake utazitafuta. Shangazi, kwa heshima zote, aliyeanikwa ni mama, anayeanika unga wake juani kila siku ili nisome.

Wapo watakaosema akina baba hawana hela. Wapo kweli wasio nazo, na sio ninaowasema. Aliyekuja na elfu ishirini mkononi, akasema mwanangu ndiyo niliyoipata, huyo kachangia, nami ningemwandikia shairi. Ninayemsema ni yule aliyetoa laki mbili kwenye harusi ya mtoto wa jirani, kadi akaibandika dukani watu waione.

Na ninyi waandishi wenzangu, hebu fungueni miswada yenu. Mama wa kambo katili, tunaye. Mjomba mlevi, tunaye. Shugadadi mwenye gari, tele. Lakini dingi mpole, anayecheka vizuri, asiyempiga mtu, asiyelipa, yuko hadithi gani? Tunamwogopa kwa kuwa tunampenda.

Wadogo zetu mlio kidato cha pili, mwulizeni leo, msingoje barua. Mwulizeni kiasi, na tarehe. Akisema tutaona, andikeni sifuri kwenye daftari, mama apange na sifuri hiyo mapema. Na mama aende ustawi wa jamii wakati bado mko chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto, elimu ikiwemo, na mtoto kwa sheria hiyo ni huyo wa chini ya 18. Barua ya chuo hukukuta na 19 au 20, umeshakuwa mtu mzima wa kujitegemea.

Mimi mkopo nilipata. Sehemu. Bumu la elfu kumi kwa siku nalipasua: wali maharage mchana, usiku chai, kinachobaki kinaziba ada. Kitandani tunabebana wawili. Nikipata kazi nitakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe.

Mkataba ulitaka majina matatu. Nikaandika la kwanza, langu. Mengine mawili ni la kwake na la baba yake.