Moyo dhaifu: kidonge kabla ya kushutumu jirani

Mgonjwa wa moyo analala vizuri, asubuhi anakutwa amekufa. Bukavu kama Goma, wengi wanataja haraka karuho, na jirani anashutumiwa. Lakini moyo uliodhoofika unaweza kuvuruga mapigo yake na kusimama ghafla, bila sumu ya mtu yeyote.

Kifo hicho kinaweza kuzuiwa. Mwaka 1999, utafiti wa CIBIS-II, uliofanywa Ulaya kwa wagonjwa 2647, ulionyesha kwamba dawa ya bisoprololi ilipunguza vifo vya ghafla kwa asilimia 44. Hiyo si mashine ya bei kali ya kupandikizwa kifuani. Ni kidonge, na OMS imekiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Shida ni kwamba mgonjwa anaacha dawa miguu ikiisha kuvimba, akidhani amepona. Au pesa zinaisha, au famasia ya kituo inaishiwa. Serikali ihakikishe dawa hizo hazikosekani katika zoni za afya, kwa bei ambayo mkulima anaweza kulipa. Familia nayo imkumbushe mgonjwa kila siku, asiache bila kumuuliza munganga. Heri kumlinda akiwa hai kuliko kutafuta mchawi kwenye matanga.