Chuo na Majirani Zake: Tuanzie Jikoni

Katika mikutano ya wakufunzi husemwa mara kwa mara kwamba chuo cha ualimu hakina budi kushirikiana na wananchi, pamoja na wenye viwanda na biashara wa mahali kilipo, katika kuleta maendeleo ya kudumu. Hakuna anayelipinga jambo hilo. Lakini likiulizwa swali la pili, yaani tushirikiane nao katika lipi, na kesho asubuhi tuanzie wapi, ukumbi hunyamaza. Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo la pili kwa kutumia yale tuliyojifunza Kimali, mkoani Simiyu.

Yafaa tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliwapeleka wanachuo wetu Kimali kupanda miti. Miche ilipandwa, nyimbo zikaimbwa, hotuba zikatolewa, nasi tukarudi chuoni tukiwa tumeridhika. Tulipokwenda tena wakati wa kiangazi tulikuta vijiti vitupu. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kula kila kitu. Tulimweleza mzee mmoja wa pale masikitiko yetu. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Walimu wangu, pale ni njia ya mifugo kwenda majini tangu enzi za babu zetu. Mlimwuliza nani?" Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Na lile lori la kuni linalopita hapa, si linakwenda chuoni kwenu?" Hatukuwa na jibu.

Maneno ya mzee yule yana historia nyuma yake. Tangu zamani Wasukuma wamekuwa na desturi ya kutenga sehemu ya malisho wakati wa masika, ili majani na miti vikue, na kuifungulia mifugo kiangazi kinapokuwa kikali. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Wakati wa ukoloni mapori makubwa yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa, na watu walipohamia vijijini katika miaka ya 1970 wengi walizipa kisogo ngitili zao. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, katika mkoa ambao wakati ule ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu; Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Mpango huo ulifanikiwa hasa pale ulipoacha kuwafundisha wenyeji jambo geni, ukawasaidia kuirudisha desturi yao wenyewe, ikilindwa na mikutano ya dagashida, na sungusungu, na sheria ndogo za vijiji. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000.

Kwa mkufunzi, hili ni somo la mbinu za kufundisha kabla ya kuwa somo la mazingira. Kila mwaka tunawahimiza wanachuo waanze na lile ambalo mwanafunzi analijua, ndipo waendelee na lile asilolijua. Tulipokwenda Kimali tukiwa na miche mikononi tuliivunja kanuni hiyo mbele ya wanachuo wale wale.

Wala wazo la chuo kushuka kijijini si jipya. Mwalimu Nyerere alilieleza mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo cha Ualimu cha Korogwe kilishirikiana na watu wa Kwamsisi, wilayani Handeni, kuijaribu shule ambayo masomo yake yangetokana na maisha ya kijiji. Hata hivyo mahali pengi kujitegemea kuligeuka kuwa jembe la adhabu: mtoto aliyechelewa alipelekwa shambani. Wazazi waliliona hilo, wakakata shauri kwamba shule haiheshimu kazi yao. Tusirudie kosa hilo kwa jina jipya.

Basi, tufanye nini? Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tuanzie jikoni. Mwanakijiji hausomi mtaala wetu. Anaona tunachonunua na tunachochoma. Chuo kinachofundisha hifadhi ya misitu asubuhi na kupokea lori la magogo jioni kinafundisha masomo mawili, na la jioni ndilo linalokumbukwa. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimekwisha elekezwa kuacha kuni na mkaa. Tutii, lakini tutii kwa busara. Akina mama waliokuwa wakituuzia kuni watapoteza mapato. Fedha itakayookolewa na itumike kununua kwao mtama, maharage, maziwa na mboga, kwa makubaliano ya msimu mzima, tena kwa bei inayojulikana mapema.

Pili, mazoezi ya kufundisha yawe daraja. Mwanachuo anapopelekwa shule ya kijijini, apewe kazi ya kukusanya maarifa ya mahali hapo: mipaka ya ngitili na kanuni zake, majina ya miti kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, historia ya lambo la kijiji. Aandae masomo kutokana na maarifa hayo, kisha nakala moja ya maandishi yake ibaki shuleni na nyingine katika ofisi ya kijiji. Hapo kijiji kitakuwa kimepata kitu, si kutembelewa tu.

Tatu, tubishe hodi katika kiwanda cha pamba na katika chama cha msingi cha ushirika. Pamba ndiyo inayolipia mahitaji ya shule ya watoto wengi wa Simiyu, lakini ni mara chache inaingia darasani. Katika pamba mbegu, karibu theluthi moja tu ya uzito ni nyuzi. Sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu, ambayo hutoa mafuta na mashudu ya kulishia ng'ombe. Je, kuna somo la asilimia lililo bora kuliko hili? Mtoto anayeweza kusoma mizani na kukokotoa malipo ni mlinzi wa jasho la mzazi wake. Aidha, mabua ya pamba hung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili kuua wadudu. Wanachuo wa sayansi wangeweza kujaribu, pamoja na kiwanda na wakulima, kuyageuza kuwa mkaa mbadala.

Wapo watakaosema kwamba mtaala umejaa, mitihani inakaribia, na mwenye kiwanda anatafuta faida wala hana nafasi ya kuwasikiliza walimu. Hoja hizi zina uzito. Lakini hatukupendekeza somo jipya. Tumependekeza mifano mipya katika masomo yaliyopo. Na mwenye kiwanda tusimwendee kuomba mchango wa sherehe. Tumwendee na jambo lenye manufaa kwake: wakulima wanaojua hesabu na kanuni za shamba humletea pamba safi zaidi.

Tulirudi Kimali bila miche. Tuliomba nafasi katika mkutano wa kijiji, tukakaa nyuma, tukasikiliza. Mzee yule alituona, akatuonyesha kwa mkono mahali ambapo miti ingeweza kupandwa pasipo kuziba njia ya ng'ombe. Hapakuwa mbali na pale tulipopanda mara ya kwanza. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii tuliuliza kwanza.

Wakufunzi wenzetu, kabla ya kuandika mpango mwingine wa ushirikiano, kila mmoja wetu na aende nyuma ya bwalo la chuo chake, aangalie kuni zile zimetoka wapi.