Xeon ya nini kwenye steshenari, jamani?

Wadau, leo tusemane ukweli. Mama anachukua mkopo wa vikoba afungue steshenari hapa Kihonda Maghorofani: kuchapa barua, kutoa fotokopi, kujazia watoto fomu za vyuo. Muuzaji anamwambia, "Chukua hii ya Xeon, prosesa ya seva, mashine za benki hizo!" Mama anatoa hela. Mimi nauita wizi wa mchana kweupe, hata kama risiti ipo.

Haya, tuhesabu. Xeon E5-2670 ya mwaka 2012 ina viini 8, gigahezi 2.6, ikijitutumua inafika 3.3. Pentium Gold G6400 ya 2020, prosesa ya bei poa ya Intel hao hao, ina viini 2 tu, lakini vinakimbia gigahezi 4 na muundo wake ni mpya zaidi. Barua ya Word inahitaji kiini kimoja chenye mbio, siyo 8 vinavyosinzia! Tena Xeon imepimiwa wati 115, Pentium 58. LUKU analipa nani? Na Xeon hiyo haitoi picha yenyewe, lazima uiongezee kadi ya skrini. Hela ya kadi mama angenunua toneri.

Sisemi Xeon mbaya. Wanafunzi mia wakiingia kwa mpigo kwenye mfumo wa chuo kuangalia matokeo, Pentium italala chali. Vijana wa studio za video nao waichukue tu, viini vyote vitapata kazi.

Lakini mama wa fotokopi? Ndugu zangu wauzaji, mteja kauliza ipi inamfaa, hakuuliza ipi imekaa sana dukani kwenu.